Shajara ya Mradi: Kupokea Nyaraka za Mizigo kwa Barua Pepe na Funksheni Zisizo na Seva

3 Machi

Ofisi itakayoutumia mfumo huu ni ya wakala wa forodha jijini Dar es Salaam, na kazi yake inategemea karatasi ambazo siku hizi hazifiki tena zikiwa karatasi. Taarifa ya kuwasili kwa meli, hati ya shehena, ankara ya muuzaji, orodha ya vifurushi na cheti cha asili ya bidhaa, vyote huingia kwa barua pepe katika anwani moja inayofunguliwa kwa zamu na wafanyakazi kadhaa. Karani wa nyaraka husoma kila barua, hupakua viambatisho, huvipa majina yanayoeleweka, kisha huviweka katika jalada la kazi husika. Barua ikipita bila kuonekana, hasara yake haijitokezi siku hiyo. Hujitokeza pale muda wa bure wa kontena unapokwisha na tozo za kulichelewesha zinapoanza kuhesabiwa, kwa dola, kila siku, kontena moja moja.

Kilichoombwa ni mfumo utakaopokea barua, utenganishe viambatisho vyake, utambue ni kazi ipi inayohusika, na uweke kila kitu jaladani kabla karani hajafika ofisini. Nilichokisisitiza katika kikao cha kwanza ni kwamba kuipokea barua na kuielewa barua ni kazi mbili ambazo hazipaswi kufanywa na msimbo mmoja. Kupokea hakuna budi kufanikiwa kila mara, kwa sababu mtumaji akishajibiwa kwamba barua imefika hatatuma tena. Kuelewa kunaweza kushindwa leo, kukarekebishwa kesho, na kurudiwa keshokutwa, ilimradi barua yenyewe ipo.

Njia iliyozoeleka ingekuwa programu inayokaa kwenye seva ndogo ya kukodi na kukiuliza kisanduku cha barua, kwa itifaki ya IMAP, kila baada ya dakika chache. Njia hiyo hufanya kazi, lakini seva huhitaji mtu wa kuitazama, kuisasisha na kuiwasha tena inapozimika, na ofisi hii haina mtu huyo. Isitoshe, barua zake huja kwa mafungu: meli ikitangazwa barua hufuatana, kisha usiku kucha hakuna hata moja. Funksheni isiyo na seva inafaa mwenendo wa namna hiyo, kwa kuwa huamshwa na tukio, hufanya kazi yake na kuzimika, na hulipiwa kwa muda ule tu iliotumia.

Watoa huduma wapo wengi. Postmark, SendGrid na Mailgun hupokea barua, huichambua, kisha huipeleka kwa HTTP mahali ulipoelekeza. Cloudflare, kupitia Email Workers, huikabidhi barua moja kwa moja kwa msimbo wako. Nimeichagua Amazon SES, huduma ya barua pepe ya Amazon, inayopokea barua tangu mwaka 2015, kwa sababu kanuni zake zinaniwezesha kuihifadhi barua ghafi katika S3, hifadhi ya mafaili ya Amazon, baiti kwa baiti, kabla msimbo wowote niliouandika haujaigusa.

6 Machi

Rekodi ya MX, inayotaja seva ya kupokea barua za kikoa, imewekwa, si kwenye kikoa kikuu cha ofisi bali kwenye kikoa kidogo kilichoundwa kwa ajili ya nyaraka pekee. Ukiigusa MX ya kikoa kikuu, barua za wafanyakazi wote huhama pamoja nayo, na hakuna aliyeomba jambo hilo. Thamani ya rekodi ni `10 inbound-smtp.eu-west-1.amazonaws.com`, maana yake barua zinapokelewa katika vituo vya Ireland. Namba 10 ni ya kipaumbele tu, na kwa kuwa hakuna rekodi nyingine ya kushindana nayo, namba yoyote ingefaa.

SES hupanga upokeaji kwa seti za kanuni, na ni seti moja tu inayoweza kuwa hai kwa wakati mmoja. Anayetumia akaunti moja na mradi mwingine hana budi kulikumbuka hili, kwa kuwa kuiwasha seti mpya huizima ya zamani papo hapo. Kanuni yetu ni moja: barua yoyote iliyoelekezwa kwenye kikoa kile iandikwe katika ndoo ya S3, yaani chombo cha kuwekea mafaili, chini ya kiambishi `ghafi/`, kisha arifa ipelekwe SNS, huduma ya Amazon ya kusambaza arifa. Sera ya ndoo inapaswa kuiruhusu `ses.amazonaws.com` kuandika humo. Ruhusa ikikaa sawa, SES yenyewe huacha ndani ya ndoo faili liitwalo `AMAZON_SES_SETUP_NOTIFICATION`, na kuliona faili hilo ni uthibitisho wa haraka kwamba njia iko wazi.

Hapa palikuwa na uamuzi. SES inaweza kuiita funksheni ya Lambda, huduma ya Amazon ya funksheni zisizo na seva, moja kwa moja kutoka kwenye kanuni, lakini tukio linaloifikia funksheni hiyo hubeba vichwa vya barua na taarifa za upokeaji tu. Mwili wa barua haumo. SNS nayo inaweza kubeba barua nzima, ila kikomo chake ni kilobaiti 150, na hati ya shehena iliyoskaniwa huweza kukivuka kikomo hicho kwa ukurasa wake wa kwanza. S3 hupokea barua ya hadi megabaiti 40. Kwa hiyo mpangilio umekuwa hivi: SES inaandika barua katika S3, SNS inapeleka arifa fupi kwenye foleni ya SQS, na Lambda inaisoma foleni, inaichukua barua ghafi na kuanza kuichambua.

Arifa hiyo fupi ina thamani kuliko inavyoonekana, kwa sababu ndiyo inayobeba bahasha. Itifaki ya SMTP, inayosafirisha barua pepe, hutenganisha bahasha na barua: anwani zilizo kwenye bahasha ndizo zinazoiongoza barua hadi inakokwenda, ilhali zile zinazosomeka katika vichwa vya `To` na `Cc` ni maandishi ambayo mtumaji anaweza kuyaandika atakavyo. Mtu akituma nakala ya siri, anwani yetu haionekani katika vichwa hivyo. Na kwa kuwa kila kazi imepewa anwani yake, mfano `kazi-2417-mkzt@nyaraka.mfano.co.tz`, kuipoteza bahasha ni kuipoteza namba ya jalada. Zile herufi nne zinazofuata namba hazina maana yoyote. Zimewekwa ili mtu asiibahatishe anwani ya kazi inayofuata kwa kuongeza moja.

Arifa ya SNS haibaki popote baada ya kusomwa na kufutwa kwenye foleni. Kwa sababu hiyo ipo funksheni ya pili, yenye mistari michache tu, inayoipokea arifa ileile na kuiandika kama ilivyo katika hifadhidata ya DynamoDB kwa utambulisho wa barua. Haichambui wala haikagui chochote.

Ndoo ya matokeo ni tofauti na ndoo ya barua ghafi. Kwa sasa funksheni haiamshwi na S3, lakini siku mtu atakapoibadili njia hiyo, funksheni inayoandika mahali palepale panapoiamsha huweza kujiita tena na tena, na pengine bili ndiyo itakayomjulisha.

11 Machi

Uchambuzi wa barua ndio moyo wa kazi, na ndio unaokula muda.

Kwa anayeitazama katika programu ya barua, barua pepe ni ujumbe na viambatisho vyake. Ndani ya S3 ni faili moja refu ambalo muundo wake ulielezwa katika RFC 822 ya mwaka 1982, mojawapo ya nyaraka za kanuni za intaneti, ambayo hatimaye ilirithiwa na RFC 5322 ya mwaka 2008. Juu yake imevikwa MIME, ambayo kanuni zake za msingi zinazotumika hadi leo zilitolewa mwaka 1996, ili picha na maandishi ya lugha zote yaweze kupita katika njia iliyojengwa kwa ajili ya herufi za ASCII na mistari isiyozidi herufi 998. Kiambatisho kwa kawaida hugeuzwa kuwa base64, kila baiti tatu zikiwa herufi nne, ndiyo maana PDF ya megabaiti 9 hufika ikiwa na zaidi ya megabaiti 12. Hata mada ya barua huweza kugeuzwa: mstari `Subject: =?UTF-8?B?TWVsaQ==?=` unasema neno moja tu, "Meli".

Nimetumia maktaba ya `email` inayokuja na Python yenyewe. Mambo mawili yalipaswa kuamuliwa tangu mwanzo. La kwanza, barua husomwa kwa `message_from_bytes`, si kwa `message_from_string`, kwa kuwa barua moja inaweza kuwa na sehemu zenye usimbaji tofauti, na kuigeuza yote kuwa maandishi kabla ya kuichambua ni kuiharibu. La pili, `policy.default` hutajwa waziwazi; usipoitaja, maktaba hurudi kwenye tabia yake ya zamani, mada ikabaki na alama zake za `=?UTF-8?`, na njia za kisasa kama `get_body` zikakosekana kabisa.

Baada ya hapo huja viambatisho. Maktaba ina `iter_attachments`, ambayo inaitosha barua iliyopangwa kwa adabu. Barua za biashara ya meli si za namna hiyo. Wapo wanaosambaza barua kama kiambatisho, yaani sehemu ya aina ya `message/rfc822`, hivyo PDF inayotakiwa imo ndani ya barua iliyo ndani ya barua. Wapo ambao mifumo yao huitaja kila PDF kuwa `application/octet-stream`, yaani rundo la baiti lisilo na aina, kwa hiyo aina iliyotajwa haiaminiki na inabidi kutazama baiti za mwanzo kama ni `%PDF-`. Na wapo ambao viambatisho vyao hufika vikiwa vimefungwa ndani ya faili moja liitwalo `winmail.dat`, muundo wa TNEF wa Microsoft, ambao programu nyingi nje ya Outlook haziufungui. Nimeacha `iter_attachments` na kutumia `walk()`, ambayo hushuka hadi kwenye kila sehemu, hata zile zilizo ndani ya barua zilizosambazwa, na uamuzi wa kipi ni hati na kipi si hati nikaufanya mwenyewe.

Uamuzi mgumu kuliko yote unahusu picha zilizopachikwa katikati ya maandishi. Nembo ya kampuni chini ya sahihi ni picha iliyopachikwa. Na dereva aliyepiga picha ya hati kwa simu na kuibandika ndani ya barua naye ameleta picha iliyopachikwa. Kwa MIME hizo ni sehemu za aina moja. Ukizitupa zote unapoteza hati, ukizihifadhi zote jalada linajaa nembo. Kanuni ninayoitumia inategemea alama ya SHA-256, yaani namba inayokokotolewa kutokana na baiti za picha na isiyobadilika kwa picha ileile: picha ileile ikitokea katika kazi nyingi zisizohusiana, hiyo ni nembo na inafichwa; ikitokea katika kazi moja tu, inabaki. Kanuni hii haiwezi kuitambua nembo ya mtumaji mpya siku ya kwanza, na sioni ubaya, kwa kuwa nembo moja ya ziada jaladani ni afadhali kuliko hati moja iliyokosekana.

Majina ya mafaili hayatumiki kuhifadhia. Nusu ya dunia huita faili lake `invoice.pdf`, na jina linaweza pia kubeba `../` kwa makusudi mabaya. Faili huhifadhiwa kwa alama yake ya SHA-256, na jina la awali huandikwa pembeni ili karani alione.

Kumbukumbu ya funksheni imepandishwa hadi megabaiti 1,769. Hiyo si namba ya kubuni: katika Lambda nguvu ya kichakataji hugawiwa kulingana na kumbukumbu, na katika kiwango hicho ndipo funksheni hupata kichakataji kimoja kizima. Barua nzito, ikiwa ghafi na ikiwa imefumbuliwa kwa wakati mmoja, huhitaji nafasi yake mara kadhaa, na muda unaookolewa hufidia sehemu kubwa ya gharama iliyoongezeka.

14 Machi

Si kila mtumaji anatumia anwani ya kazi. Makampuni ya meli hutuma taarifa kwenye anwani ya jumla, na katika barua hizo njia ya kuifikia kazi ni namba ya kontena.

Namba hiyo ina muundo wa ISO 6346, kiwango cha kimataifa cha namba za makontena: herufi tatu za mmiliki, herufi moja ya aina, ambayo kwa makontena ya mizigo ni U, tarakimu sita, na mwisho tarakimu moja ya kujikagua. Tarakimu hiyo ya mwisho ni zawadi kwa mwandishi wa programu. Chukua CSQU3054383. Kila herufi ina thamani yake kuanzia A iliyo 10, huku 11, 22 na 33 zikirukwa, hivyo C ni 13, S ni 30, Q ni 28 na U ni 32. Kila thamani huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa kuongezeka maradufu hadi 512; jumla ya namba hii ni 6,185, ambayo ikigawanywa kwa 11 inabakiza 3, na 3 ndiyo tarakimu ya mwisho. Mtambo wa kusoma maandishi katika picha ukiisoma 8 kuwa 3, hesabu inakataa, na namba hiyo haipewi jalada. Kasoro iliyopo inajulikana: baki la 10 huandikwa 0, kwa hiyo mabaki mawili tofauti yana tarakimu moja, na makosa machache yanaweza kupenya hapo.

Kwa kuwa nafasi nne za kwanza lazima ziwe herufi na saba za mwisho lazima ziwe tarakimu, mkanganyiko wa O na 0 hurekebishwa kabla ya kukagua. PDF zenye maandishi husomwa kwa maktaba ya `pypdf`; zilizoskaniwa hupelekwa kwanza kwenye huduma ya kutambua maandishi. Namba ikikosekana kote, barua huenda kwenye orodha ya karani ikiwa na maelezo ya mahali ilipotafutwa.

20 Machi

"Kaka, hii ankara mbona imeingia mara mbili?" Swali la karani lilikuwa halali, na jibu lake lina tabaka zaidi ya moja.

Foleni ya kawaida ya SQS inaahidi kufikisha kila ujumbe angalau mara moja, si mara moja tu. Funksheni ikikatika katikati ya kazi, ujumbe huonekana tena na kazi huanza upya. Hayo ni marudio ya ndani, na utambulisho ambao SES huipa kila barua inayoipokea unatosha kuyazuia. Ila kuna marudio ya nje. Muunganisho wa SMTP ukikatika baada ya barua kufika lakini kabla mtumaji hajapata jibu, seva ya mtumaji itatuma tena, nasi tutapata barua mbili zenye utambulisho tofauti wa SES na `Message-ID` ileile. Tatizo hilo lilielezwa katika RFC 1047 ya mwaka 1988, na lipo hadi leo kwa sababu limo katika asili ya itifaki. Tena kuna marudio ya watu: muuzaji anatuma ankara, wakala wake anaisambaza, mteja naye anaituma tena kwa usalama. Barua tatu, mada tatu, hati moja.

Kwa hiyo ukaguzi uko sehemu tatu. Utambulisho wa SES huandikwa katika DynamoDB kwa sharti la `attribute_not_exists`, hivyo funksheni mbili zikigombea barua moja, moja itakataliwa. `Message-ID` hukaguliwa baadaye, lakini kama dokezo tu, kwa kuwa huandikwa na upande wa mtumaji, na ipo mifumo isiyoiandika kabisa. Hati yenyewe hutambuliwa kwa SHA-256 ya baiti zake, na ikifika tena jalada halipati nakala nyingine bali linapata mstari unaosema kwamba hati hiyo imeletwa pia na fulani, tarehe fulani. Karani ameupenda mstari huo kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mteja anapodai kwamba alituma hati mapema, ushahidi uko palepale.

Jambo la kuangaliwa sana ni wakati wa kuandika alama. Ukiiweka alama ya "imekamilika" kabla ya kazi na funksheni ikafa, barua imepotea kimyakimya. Ukiiweka baada ya kazi tu, funksheni mbili zinaweza kufanya kazi ileile kwa pamoja. Nimeweka hali mbili: "inashughulikiwa", yenye muda wa kwisha, na "imekamilika", isiyokwisha. Aliyekuta "inashughulikiwa" iliyopitwa na muda ana ruhusa ya kuichukua kazi.

Funksheni ina dakika mbili za kumaliza, na ujumbe uliochukuliwa hufichwa kwenye foleni kwa dakika kumi na mbili, kwa kufuata ushauri wa AWS, yaani huduma za wingu za Amazon, kwamba muda wa kuficha uwe walau mara sita ya muda wa funksheni. Ujumbe ukishindikana mara tano huhamishiwa foleni ya walioshindikana, ambayo hukaa na ujumbe kwa siku 14, kiwango cha juu kinachoruhusiwa, na karani hupata taarifa. `ReportBatchItemFailures` imewashwa, ili barua moja mbovu isizirudishe nyuma zile tisa nzima zilizochukuliwa pamoja nayo.

27 Machi

Jina la mtumaji halithibitishi chochote. Kichwa cha `From` huandikwa na yeyote kwa jinsi apendavyo, na katika biashara hii udanganyifu unaojulikana sana ni ankara halisi iliyobadilishwa akaunti ya benki. Kwa sababu hiyo mfumo huu hausomi wala haubadilishi taarifa za malipo, hata barua ikionekana safi namna gani. Meneja aliuliza kama hilo haliwezi kuongezwa baadaye. Nimemwomba abaki na simu kwa muuzaji, kwa namba iliyokuwapo kabla ya barua hiyo kufika.

SES hutoa hukumu tano kwa kila barua: ya barua taka, ya virusi, ya SPF, ya DKIM na ya DMARC. Zile mbili za kwanza hupatikana ukaguzi ukiwa umewashwa katika kanuni. Hukumu huweza kuwa `PASS`, `FAIL`, `GRAY` au `PROCESSING_FAILED`, na SES haichukui hatua kwa niaba yako. Inahukumu, kisha inakuachia. Yenye virusi haifunguliwi kabisa na hubaki karantini. Kwa nyingine tumekuwa waangalifu zaidi. SPF hukagua kama seva iliyoleta barua imeruhusiwa na kikoa kilicho kwenye bahasha, hivyo barua iliyosambazwa kutoka anwani ya zamani ya ofisi huweza kushindwa SPF bila kosa la mtu yeyote. DKIM ni sahihi iliyowekwa juu ya vichwa na mwili, na huvumilia kusambazwa ilimradi barua haijaguswa. DMARC huangalia kama kikoa cha `From` kinalingana na kile kilichothibitishwa na SPF au DKIM. Kushindwa SPF peke yake, kwa hiyo, hakuipeleki barua karantini. Kushindwa DMARC kunaipeleka, na karani ndiye anayeitoa kwa mkono wake. Hakuna barua inayofutwa papo hapo kwa sababu ya hukumu.

3 Aprili

Meneja alitaka kila mtumaji ajibiwe kwamba hati imefika na imewekwa katika kazi namba fulani. Ombi lenyewe ni la haki, ila wiki ya sikukuu ya Idi imeonyesha hatari yake, kwa kuwa ofisi nyingi zilikuwa zimefungwa na visanduku vyao vilikuwa vikijibu vyenyewe. Mfumo unaojibu barua na kisanduku kinachojibu majibu vinaweza kuandikiana hadi mtu arudi kazini.

RFC 3834 ya mwaka 2004 ina dawa yake. Jibu letu linabeba `Auto-Submitted: auto-replied`, na barua inayoingia ikiwa na `Auto-Submitted` yoyote isiyokuwa `no` haijibiwi. Haijibiwi pia barua ambayo mtumaji wake wa kwenye bahasha ni mtupu, `<>`, kwa kuwa hiyo ndiyo alama ya taarifa za kushindikana, wala yenye `List-Id` au `Precedence: bulk`, alama za barua zinazotumwa kwa watu wengi. Jibu huelekezwa kwa anwani ya kwenye bahasha, na mtumaji mmoja hapati majibu zaidi ya moja kwa kazi moja katika siku moja, sharti lililowekwa makusudi kwa ajili ya mifumo isiyofuata kanuni hizo. Barua zilizo karantini hazijibiwi kamwe, maana kumjibu mtuma taka ni kumthibitishia kwamba anwani iko hai.

Akaunti mpya ya SES huanza katika hali ya majaribio, ambamo inaweza kutuma kwa anwani zilizothibitishwa tu. Kupokea hakuzuiwi na hali hiyo. Ombi la kutolewa limeshatumwa.

10 Aprili

Gharama hazina mengi ya kusimulia. SES hutoza dola 0.10 kwa barua 1,000 zinazoingia, na dola 0.09 kwa vipande 1,000 vya kilobaiti 256; barua ya megabaiti 5 ni vipande 20, kwa hiyo barua 1,000 za ukubwa huo hugharimu dola 1.90. Lambda hutoa bure miito milioni moja kwa mwezi, na ofisi hii haitafika huko.

Suala la sheria limechukua muda mrefu zaidi. Barua hizi zina majina, namba za simu na nakala za vitambulisho, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za namna hiyo nje ya nchi. Ndoo iko Ireland. Mwanasheria wa ofisi anapitia mikataba ya wateja, nami nimepunguza kile kinachobaki: barua za karantini hufutwa na kanuni ya muda ya S3 baada ya siku 30, kumbukumbu za funksheni haziandiki mada wala anwani bali utambulisho wa SES pekee, na ufunguo wa kusoma `ghafi/` umebaki kwa funksheni ya uchambuzi na kwa mtu mmoja. Muda wa kuhifadhi barua ghafi za kawaida haujaamuliwa, na ndio uamuzi ninaoutaka kuliko mwingine, kwa kuwa mpangilio wote umesimama juu ya barua hizo.

Faida ya mpangilio imeonekana wiki hii. Kisoma TNEF kimekamilika, na barua zote zenye `winmail.dat` zilizokuwa zimeachwa kwenye orodha ya karani zimerudishwa katika foleni. Msimbo mdogo ulipitia `ghafi/`, ukachukua bahasha ya kila barua kutoka DynamoDB, ukaandika ujumbe wa SQS unaofanana na ule wa awali. Funksheni ya uchambuzi haikujua kwamba barua ni za mwezi uliopita. Hati zilizokuwa tayari zimepakuliwa kwa mkono zilitambuliwa kwa SHA-256 na hazikuingia mara ya pili. Kitu kimoja tu kilihitaji kuzimwa kabla ya kuanza, nacho ni majibu kwa watumaji, na sasa kila ujumbe unaorudishwa hubeba alama ya `marudio` inayoyazuia.

Yaliyobaki: mafaili ya ZIP yenye nenosiri, ambayo kwa sasa huenda kwa karani bila kufunguliwa, barua ambazo hati yake si kiambatisho bali kiungo cha kupakulia, ambacho hakitafuatwa na funksheni hadi tukubaliane orodha ya vikoa vinavyoaminika, na kampuni moja ya meli ambayo bado inatuma taarifa kwenye anwani ya zamani, ambako zinasambazwa kwetu.